Dada, hilo jiko la mkaa lisivuke kizingiti

Usiliingize. Hata kwa dakika tano, hata mlango ukiwa wazi, hata mkaa ukiwa umeshika vizuri na hauna moshi. Usiliingize.

Nimeusoma uzi wako tangu juu. Umefika Minnesota mwezi wa saba na mumeo na watoto watatu, hii ndiyo vuli yenu ya kwanza, na unataka familia iifurahie badala ya kujifungia ndani na kununa. Umeuliza mkaangalie wapi majani yanayobadilika rangi, watoto waende kuomba pipi siku ya Halloween au wasiende, makoti mnunue wapi kwa bei ya mtu aliyeanza kazi juzi, na nyumba muifanyeje iwe na joto na raha jioni. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka kuongeza chumvi, ukaandika kwamba Jumamosi hii mtaingiza jiko la mkaa sebuleni, mchome mahindi, watoto wauzunguke moto kama walivyozoea kwa bibi yao Njombe, na kwamba "dirisha tutaliacha wazi kidogo".

Watu kumi na wawili wamekujibu. Kumi wamekutajia maduka ya makoti. Wawili wameomba picha ya mahindi. Hakuna hata mmoja aliyegusa jiko. Nilikuwa kwenye mapumziko ya chai kazini, nikakiweka kikombe chini.

Oktoba ya mwaka jana mimi nilifanya hicho hicho unachotaka kufanya. Nilikuwa na sababu nzito kuliko zako, na nusura nimuue mama yangu mzazi na mwanangu wa miaka minne katika sebule moja.

Nitaeleza yote, maana nikisema tu "ni hatari" utasema watu wakishakaa Marekani wanaogopa kila kitu.

Mama alikuja kututembelea kutoka Muheza mwishoni mwa Agosti. Mwanzoni alifurahi sana. Kulikuwa na joto, anakaa nje na wazee wa jengo, hawaelewani lugha lakini wanacheka. Alikuja na miyaa yake begini, ameiviringisha kwenye kanga, amsukie mjukuu wake wa kike mkeka. Mama yangu anasuka ukili bila kuitazama mikono. Anakuangalia wewe usoni, anakupa habari za kijiji kizima, na vidole vinakwenda vyenyewe.

Ikaingia Oktoba. Watu wa kwetu tukisikia vuli tunawaza mvua; vuli ya huku ni jua zuri mchana na usiku unaokata masikio. Mama akavaa kanga mbili, sweta langu, soksi za mke wangu, na bado anakaa amekumbatia kikombe cha chai ya tangawizi. Hainywi, anakishikilia tu. Ukimuuliza anasema "niko salama, baba," huku midomo imepauka. Wazazi wetu mnawajua. Hawezi kukwambia anateseka nyumbani kwako.

Joto la jengo lilikuwa halijawashwa. Nilimfuata msimamizi wa jengo mara mbili. Mara ya kwanza akasema linawashwa katikati ya mwezi. Mara ya pili akaniambia nivae sweta. Nikaondoka kimya, nikajua ndivyo mambo ya huku yalivyo. Kumbe sheria ilikuwa upande wangu kabisa. Nitairudia.

Sasa huyu mwingine. Jamaa wa kwetu, simtaji, amekaa huku miaka kumi na moja, na kila anayeshuka uwanja wa ndege anapelekwa kwake kupata maelekezo. Alikuja kumsalimia mama, akaona hali yake, akaniita pembeni pale penye magari. Akaniambia: "Si una jiko? Washa mkaa nje, uache mpaka uwe mwekundu kabisa, moshi uishe, ndiyo uingize. Sumu iko kwenye moshi. Mimi nafanya hivyo kila mwaka." Jiko nilikuwa nalo, lile la bati lenye udongo ndani, aliniletea mtu kutoka Dar, kiangazi tulikuwa tunachomea nyama nalo kwenye uwanja wa jengo.

Na ni yeye huyo huyo aliyenishauri habari ya kile kidude cha ukutani, karibu na milango ya vyumba vya kulala. Kilikuwa kinatoa mlio mmoja kila baada ya muda mfupi, tii, kinanyamaza, tii, usiku kucha, mama hapati usingizi. Jamaa akasema: "Toa betri. Hicho kazi yake kusumbua mtu akikaanga samaki." Nikapanda kiti, nikatoa betri mbili, nikazitia kwenye droo ya vijiko.

Ile ilikuwa alamu ya kaboni monoksaidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye kitu kinachoungua. Mlio ule ilikuwa inaomba betri mpya.

Jumamosi yenyewe ilianza vizuri mno, ndiyo maana nakuelewa kiu yako. Asubuhi tulikwenda shambani nje ya mji kuchuma matufaha. Unapakiwa kwenye trela la trekta lenye marobota ya nyasi, unapewa mfuko, unaingia katikati ya mistari ya miti. Tulichuma Honeycrisp, tufaha lililotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991. Ukiling'ata linapasuka, na maji yanateremka mpaka kwenye kiwiko. Mama alikula matatu amesimama chini ya mti, akasema hili si tunda, hii ni sharubati iliyovaa ganda. Mwanangu wa kiume alikuwa analia akiambiwa ashuke kwenye trela.

Tukarudi. Mke wangu akaenda kazini saa nane mchana, ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Mimi nikashughulikia joto. Nilinunua ile plastiki ya madirisha, unaibandika kwenye fremu kwa gundi ya pande mbili, halafu unaipuliza kwa draya ya nywele mpaka inakaza kama ngozi ya ngoma. Nikaziba madirisha yote isipokuwa moja la sebuleni. Nikakunja taulo nikalisukumia chini ya mlango. Nilijisikia baba wa familia kweli kweli. Hebu angalia nilichokuwa najenga: nyumba isiyopitisha hata pumzi, alamu isiyo na betri, na mkaa njiani unakuja.

Saa kumi na mbili jioni nikawasha mkaa nje ya mlango wa nyuma. Nikasubiri kama nilivyoelekezwa. Ukawa mwekundu wote, mzuri, moshi hakuna. Nikaliingiza jiko, nikaliweka sebuleni juu ya sinia kubwa la bati. Dirisha lile moja nikaliacha wazi upana wa vidole viwili. Ndiyo, dada, ni hilo "dirisha wazi kidogo" uliloliandika wewe. Baada ya kama saa moja mama akasema kuna upepo unampiga mgongoni. Nikainuka nikalifunga. Nani angemkatalia? Na wewe utalifunga. Kama si wewe, mumeo. Kama si yeye, mtoto atasema anasikia baridi na mtamwonea huruma. Dirisha hilo halitabaki wazi.

Mama alinyoosha viganja kwenye moto, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili nikamwona mabega yameshuka. Mahindi ya huku ni matamu na yana maji mengi, hayakauki na kupasuka kama ya kwetu, yananyauka tu na kunata mdomoni. Watoto hawakujali. Mama akaanza kuwahadithia sungura na fisi.

Saa mbili mwanangu alikuwa amelala kwenye zulia, gunzi bado liko mkononi. Nikasema amechoka na shamba. Binti, ana miaka tisa, akasema kichwa kinamuuma. Nikampa maji. Mama akasema matufaha yamemkataa, akaenda msalani akatapika. Mimi kichwa kilikuwa kimebana kama nimefungwa kilemba cha mtu mwingine, miguu mizito. Nikasema mafua yameingia nyumbani.

Hapo ndipo palipotakiwa akili, na akili ndiyo kitu cha kwanza hewa hiyo inachochukua. Watu wanne hawapatwi na mafua ndani ya saa moja, bila homa, bila chafya. Nyumba nzima ikiumwa kichwa kwa pamoja, nyumba ndiyo yenye ugonjwa. Tokeni nje kwanza, mengine mtaulizana huko nje.

Saa tatu kasoro mke wangu akapiga simu ya video, alikuwa kwenye mapumziko. Akaniuliza watoto wamekula nini. Nikamjibu: "Jumanne."

Akanyamaza. Akauliza tena. Sikumbuki nilijibu nini, yeye anasema nilikuwa nataja jina la mtaa tuliokuwa tunakaa Tanga miaka hiyo. Ananiambia uso wa mama nyuma yangu ulikuwa umeinama kwenye kifua. Akauliza, hicho kinachong'aa nyuma yako ni nini? Nikasema, jiko.

Nikiwa mzee nitasahau mengi, ukelele ule sitausahau. "Fungua mlango! Toka na watoto! Usitafute viatu, toka!" Nikainuka, miguu ikakataa, nikaenda kwa magoti. Nikafungua mlango, nikamvuta mwanangu kwa mikono miwili kwenye zulia kama gunia, kichwa kinaburuzika. Binti alitoka mwenyewe akiyumba. Mama sikuweza kumwinua. Mzee wa mlango wa mbele, Mmarekani ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa tunapungiana mikono tu, alisikia kelele za simu, akaja amevaa nguo za kulalia, akamshika mama kwapani akamtoa. Mke wangu alikuwa ameshapiga 911, namba ya dharura ya huku, kwa simu ya mwenzake.

Zimamoto walikuja na kipimo mkononi. Mmoja aliingia sebuleni, akatoka akanionyesha: 310. Hiyo ni hesabu ya sehemu za hewa hiyo kwa milioni, na hapo mlango ulikuwa umekaa wazi dakika kadhaa. Mwenzake alilibeba jiko kwa glavu akaliweka kwenye nyasi, katikati ya majani mekundu yaliyopukutika. Mkaa bado unawaka vizuri. Moshi hakuna, hata wa kufukuza mbu.

Sasa sikiliza vizuri, na wengine mnaosoma sikilizeni. Mkaa ukiwaka unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi unaouona ni kitu kingine. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaitoa kwa wingi, na yanaendelea kuitoa mpaka yawe majivu. Ikiingia kwenye damu inashika pale panapotakiwa kushika oksijeni, na inashika kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Maana yake unapumua sawasawa, kifua kinapanda na kushuka, na mwili unakosa hewa. Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo inamfikia mapema. Mjamzito, mzee na mwenye moyo mbovu, vivyo hivyo.

Mtasema, mbona nyumbani bibi zetu wanaota moto ndani? Nyumba za bibi zetu zinapumua. Kati ya ukuta na bati kuna uwazi wa kupitisha mkono, mlango haugusi chini, dirisha ni la mbao lenye nyufa. Na hata huko, msimu wa baridi Juni na Julai, si tunasikia watu wamelala na jiko na hawakuamka? Basi chukua chumba hicho, uzibe kila upenyo, uweke madirisha ya vioo viwili, plastiki juu yake, sufi ya kuzuia joto ndani ya kuta. Ndiyo nyumba ya Minnesota. Imejengwa ili hewa isitoke.

Mnaojiandaa kuniandikia kwamba nimekuwa Mzungu, andikeni. Hewa hiyo haiulizi pasipoti.

Hospitali watoto walivalishwa barakoa za oksijeni usiku kucha. Mwanangu alifumbua macho kwenye gari la wagonjwa, akauliza trekta liko wapi. Mama walimwingiza kwenye chumba maalumu cha oksijeni yenye mgandamizo mkubwa, lile pipa lenye kidirisha. Mwanamke wa Muheza, hajui neno la Kiingereza, amelazwa ndani ya chuma, anautafuta uso wangu kwenye kioo.

Bili zilikuja baadaye. Mama hakuwa na bima ya mgeni. Nilikuwa nimepanga kuikata "wiki ijayo" tangu Agosti. Hospitali yenyewe ina utaratibu wa kupunguzia wasio na uwezo, tukajaza fomu, wakakata sehemu kubwa, na iliyobaki naendelea kuilipa kila mwezi mpaka leo naandika hapa. Lakini hela si hoja.

Wiki ya tatu baada ya kutoka hospitali, mama alichukua miyaa yake akakaa karibu na dirisha. Nilikuwa naosha vyombo. Nikasikia kimya. Ukili una sauti yake, kama panya anayetembea kwenye makuti, na sauti ile ilikuwa imekatika. Nikageuka. Alikuwa anaitazama mikono yake. Akafumua kidogo, akasuka, akasimama palepale. Akafumua tena. Halafu akaninyooshea, kwa sauti ya chini kabisa, kama anayeogopa mtu asisikie: "Baba, huu unapita juu au chini?"

Mimi sijui kusuka. Mama amesuka tangu akiwa mtoto.

Daktari alisema hutokea hivyo, mtu anaonekana amepona, halafu siku au wiki kadhaa baadaye kumbukumbu inayumba. Wengine hurudi, wengine hurudi nusu. Mama aliondoka Januari. Kwenye simu sasa yuko vizuri, anatania, anauliza bei ya mchele huku. Majina ya wajukuu anayapata yote. Lakini dada yangu aliye naye kule anasema ukili hagusi. Ule aliouanza uko kabatini kwetu, umeviringishwa kwenye kanga ile ile.

Nilimwendea yule jamaa. Sikwenda kugombana, nilikwenda kumwambia aache kuwaambia watu. Unajua alinijibu nini? "Mbona mimi sijafa?" Akaongeza kwamba labda mkaa wangu ulikuwa wa bei rahisi. Miaka kumi na moja huku! Anaheshimiwa, watu wanampigia simu kabla ya kumpigia daktari, na anagawa kifo kwa sauti ya kujiamini. Kutokufa kwako si ushahidi, ndugu yangu, kama unasoma hapa. Sebule yako ina mlango wa kioo usiofunga vizuri, ndiyo siri yako yote. Nakuombea usiutengeneze. Na ninyi wenyeji wengine, mtu mgeni akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui. Haitakupunguzia hadhi.

Kanuni yangu ni moja, na ndiyo nataka uishike hata ukisahau mengine: kitu chochote kinachoungua na hakina bomba la kupeleka hewa yake nje, hakiingii chini ya paa unalolala. Jiko la mkaa, jiko la mafuta ya taa, jiko la gesi la kupigia kambi, jenereta. Jenereta hata barazani hapana, iwe mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba. Oveni ya gesi ni ya kuokea, usiifungue mlango ili ipashe chumba. Gari usiliwashe ili injini ipate joto ndani ya gereji, hata mlango wa gereji ukiwa wazi, litoe kwanza.

Na chenye bomba, hakikisha bomba liko wazi. Mzee wa mlango wa mbele ndiye aliyenifundisha hili. Alinihadithia theluji ya Halloween ya mwaka 1991, iliyoanza tarehe 31 Oktoba watoto wakiwa barabarani na mavazi yao, ikaendelea mpaka tarehe 3 Novemba, ikaacha inchi 28.4 hapa Minneapolis. Hizo ni kama sentimita 72, mtoto wako wa shule ya awali anazama mpaka kifuani. Mabomba ya kutolea hewa ya hita nyingi yanatokea ukutani, chini chini. Theluji ikiyafunika, hewa inarudi ndani. Kwa hiyo theluji ikianguka, kabla ya kufukua gari fukua bomba.

Alamu. Sheria ya Minnesota inataka iwepo ndani ya futi 10, yaani kama mita 3, kutoka kila chumba cha kulala. Kwenye nyumba ya kupanga mwenye nyumba ndiye anayeiweka, wewe unaitunza. Kuitoa betri ni kuvunja sheria, nami niliivunja. Hewa ikifika 150 kwenye kipimo, alamu iliyo nzima inatakiwa ilie ndani ya dakika 10 hadi 50. Ikifika 400, dakika 4 hadi 15. Kwa hali ya sebule yangu ingelia hindi la pili bado liko motoni, mama angesuka mpaka leo. Geuza nyuma yake uangalie tarehe, nazo huzeeka, nyingi ni za miaka 5 hadi 10. Mlio mmoja mmoja, kila baada ya muda, ni betri au imezeeka. Milio minne mfululizo, inasimama, minne tena: tokeni. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na zimamoto wanashauri siku hiyo watu wakague betri. Sisi ndiyo siku yetu.

Ukipiga 911 na Kiingereza kikakukimbia, sema neno moja tu, "Swahili", watatafuta mkalimani. Kwa maswali ya sumu ambayo si ya kufa na kupona kuna 1-800-222-1222, bure, saa zote, wakalimani wapo. Lakini mkiwa mnaumwa vichwa, tokeni nje na mpige 911.

Sasa joto, maana bila joto utarudi kwenye jiko. Tangu Januari 2024 sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba, pale ambapo joto liko mikononi mwake, alifikishe angalau digrii 68 za Fahrenheit, ambazo ni 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Tarehe moja! Siyo "katikati ya mwezi". Nunua kipimajoto cha dola chache, kiweke sebuleni, kipige picha asubuhi na usiku, umwandikie ujumbe wenye tarehe. Asiposikia, ukiwa ndani ya Minneapolis piga 311, simu ya jiji, waje wakague, na mahakamani kuna ombi la dharura la mpangaji kwa mambo kama haya. Kama bili ya hita ni yako, ulizia msaada wa nishati wa jimbo mapema kabla foleni haijawa ndefu. Na kati ya tarehe hizo hizo za Oktoba na Aprili hawakukatii umeme au gesi ya kupashia nyumba ukikubaliana nao mpango wa kulipa na ukaufuata. Usinyamaze kama nilivyonyamaza. Yule msimamizi alinitoa kwa neno "sweta", na nilikubali kwa sababu nilidhani kudai joto ni utovu wa adabu.

Hita ya umeme ya kuhamisha inafaa. Ichomeke ukutani moja kwa moja, siyo kwenye waya wa kuunganisha, na ikae mita moja kutoka kwenye mapazia na mablanketi. Plastiki ya madirisha bandika, haina kosa lolote, alamu ikiwa hai. Sisi sasa jioni tunatandika magodoro sebuleni, blanketi moja kubwa, chai ya tangawizi, mahindi naoka kwenye oveni ya umeme nikiyapaka ndimu na pilipili. Siyo sawa na moto. Sitakudanganya kwamba ni sawa. Mwanangu bado anauliza hadithi ya fisi iliishaje, kwa sababu bibi hakuimaliza usiku ule.

Majani: maporomoko ya Minnehaha, hapo hapo mjini, bure, katikati ya Oktoba. Nendeni asubuhi.

Na kama roho inataka mahindi ya moto wa kweli, mbuga nyingi za umma zina majiko ya chuma yaliyosimikwa ardhini kwa ajili ya kuchomea. Beba mkaa, beba mahindi, vaa kila ulichonacho, chomeni huko huko, na majivu myaache huko huko. Mkaa uliozimika juu unaweza kuwa hai ndani, usiurudishe kwenye gari lenye watoto.

Sasa inuka. Nenda kwenye ukuta karibu na chumba cha watoto, tafuta hicho kidude, bonyeza kitufe cha kujaribia. Halafu rudi uandike hapa imelia au haikulia, na jiko liko wapi. Leo nimetoka kazini mapema, nipo macho mpaka saa sita.